Tairi Lililoshonwa Ng'ambo ya Vurra

Ninyi wakunga mnaoanza kazi sasa, mkitaka kuwahi mahali mnapigia boda simu, kisha mnanung'unika kwamba amechelewa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe leo nikimpata boda napanda, tena kwa upande kama bibi harusi. Lakini mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, na kama kweli mnataka kujua, itabidi mvumilie habari za tairi. Miaka niliyokuwa Koboko mikono yangu ilinuka mpira karibu kila wiki, na mama wengi wa kule niliwazalisha kwa mikono hiyohiyo, baada ya kuisugua kwa jivu maana sabuni ilikuwa haipatikani. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vilikuja vikaenda, na mshahara ulikuwa wa kuangalia tu.

Nilipelekwa zahanati ya Koboko mwaka sabini na moja, nikitokea kwetu Mvara. Zahanati ilikuwa na pikipiki moja, ya dresa, yaani mfunga vidonda, aliyehamishwa kabla yangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuipanda. Nikajifunza uwanjani, nikaanguka, nikainuka, nikaenda. Mjini walisema, “Sista iko napanda pikipiki kama askari!” Akina mama wakubwa waligeuza nyuso nikipita. Walizigeuza mpaka uchungu ulipowashika binti zao. Hapo hakuna aliyeuliza nimekaaje kwenye kiti.

Pancha yangu ya kwanza niliipatia Onduparaka, nikienda Arua kuchukua dawa. Vijana walikuwa wakicheza mpira kando ya barabara. Mechi ilisimama, refa na wote, wakaja kumtazama mwanamke na pikipiki yake. Kila mmoja alikuwa na ushauri wake. Mmoja mwenye nguvu nyingi alichukua bisibisi akaichomeka kati ya tairi na ringi, akabinya. Tyubu iliyokuwa na tundu moja ikapata matatu. Nilisukuma pikipiki hadi Arua, nikalia njiani kwa hasira, nikaapa kwamba sitamwachia tena mtu gurudumu langu.

Aliyenifundisha ni Fundi Rajabu wa Koboko, pamoja na mkewe Zainabu. Walikuwa Wanubi, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan. Wahindi walipofukuzwa nchini na maduka ya vipuri yakafungwa, Rajabu, aliyekuwa ameajiriwa katika karakana mojawapo, alirudi nyumbani na mikono mitupu. Mashine ya kutolea tairi ilibaki huko, na baada ya muda mfupi hakuna aliyejua imekwenda wapi. Akaanza kufanya kazi uani kwake kwa vitu vya jikoni. Zainabu alikuwa msusi wa makawa na vikapu vya rangi, vile ambavyo Wanubi hufunikia chakula. Walikaa mkeka mmoja, huyu na tairi, yule na ukili, wakitaniana mchana kutwa.

“Sista,” Rajabu aliniambia siku ya kwanza, “tairi iko kama mtoto ya kukaa vibaya tumboni. Ukivuta kwa nguvu, unaua. Ukijua pahali ya kusukuma, inatoka yenyewe.”

“Usimsikilize,” Zainabu akasema. “Yeye hajazaa hata mara moja.”

Basi niwape na ninyi nilichopewa, maana siku moja simu itazima chaji. Gurudumu ukishalitoa, usililaze chini kwenye mchanga. Lilaze juu ya mdomo wa kinu cha kutwangia, ili kitovu cha gurudumu kiingie ndani ya kinu na meno ya mnyororo yasipate udongo. Toa sindano ya valvu, upepo utoke wote. Kisha chukua mchi, uusimamishe ukingoni mwa tairi, karibu kabisa na ringi, uuegemee kwa uzito wa mwili wako. Usipige. Tairi lililoganda litaachia ringi kwa mlio mdogo. Zunguka hivyo pande zote mbili.

Sasa vyuma. Rajabu alikuwa na viwili, alivyovikata kutoka spring ya lori na kuvipiga tupa mpaka ncha zake zikawa butu na laini kama ulimi. Bisibisi ni ya watu wa Onduparaka. Anzia kwenye valvu. Lakini kabla hujainua, piga goti upande wa mbali wa tairi, ulishindilie liingie katika bonde la katikati ya ringi. Hapo ndipo nafasi ilipo, na asiyejua hilo atapigana na tairi mpaka jua lichwe. Inua kidogo, sogea kidogo, inua. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake: unaanza mbali, unamalizia kwenye valvu, na tyubu uwe umeipuliza kidogo kwanza ili isijikunje na kung'atwa.

Jambo moja walilikosea watu wengi wa kwetu. Sabuni ilipoadimika, walipaka mafuta ya simsim, yaani ufuta, ili tairi liteleze. Linateleza, ndiyo, siku ile na siku zote. Mafuta hayakauki, ukifunga breki tairi linazunguka peke yake ndani ya ringi na kung'oa valvu, na wewe unaokotwa mtaroni. Zainabu ndiye aliyepata dawa. Alichukua maji ya bamia, yale yanayovutika, akayapaka kwa kitambaa. Yanateleza wakati unapohitaji, kisha yanakauka na kulishika tairi. Rajabu alijisifu mji mzima kwamba ameoa karakana.

Tairi jipya halikuwepo. Kwa hiyo lililopasuka lilishonwa. Rajabu aliweka kiraka cha mpira ndani, halafu akashona kwa sindano ya magunia. Mshono wenyewe alifundishwa na mkewe: ni ule wa kusukia makawa, kila uzi unapita katikati ya uzi uliotangulia, haufumuki hata mmoja ukikatika. Na kwa kuwa Zainabu ni wa shoto, mishono yake ililalia kushoto. Rajabu alijifunza kwa kumtazama mikono, akashika hivyohivyo, ingawa yeye alitumia mkono wa kulia na kazi ikawa ngumu mara mbili. Nilimwuliza kwa nini hageuzi. Akacheka, “Nikigeuza, yeye atajua ni kazi ya nani?” Nyuzi walizifumua kutoka matairi makuukuu, na Zainabu alizivuta kwenye nta kabla ya kumpa.

Kisha Rajabu akachukuliwa. Naandika kwa kifupi. Gari lisilo na namba, kama yale ya watu wa usalama, lilisimama mlangoni mwao mchana. Waliokuwa ndani walisema gari la mwenzao limeharibika njiani, njoo na vyuma vyako. Akanawa mikono, akamwambia Zainabu amwekee chai. Hakurudi. Zainabu alikwenda kuuliza kila mahali palipoulizika, na mahali pengine ambapo watu wenye akili hawakuuliza. Aliambiwa arudi nyumbani akae kimya.

Alirudi nyumbani, lakini kukaa kimya hakukaa. Watu walizoea kuleta magurudumu pale, wakaendelea kuyaleta, naye akayapokea. Alipeleka spring nyingine kwa mfua chuma, akatengenezewa vyuma vipya. Nilipokuwa sina mama wa kuzalisha nilimsaidia, na hapo ndipo nilipoujua ufundi kwelikweli, kwa kuwa Zainabu alikuwa mkali kuliko mumewe. Ukibana tyubu alikutazama tu, na wewe ukatamani ardhi ipasuke.

Aliyemlea Rajabu tangu utoto ni shangazi yake, Haboba Kaltuma. Haboba ni bibi kwa Kinubi. Mwaka ulipozunguka, haboba akaanza kumtaka Zainabu akae eda, yaani ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane Mwislamu hukaa ndani kwake bila pambo wala manukato. Zainabu alikataa. Nilikuwepo siku moja, gurudumu liko kinuni kati yao.

“Eda ya nani?” Zainabu alisema. “Nani aliona maiti? Nikikaa, mimi ndiye namzika.”

“Mtoto yangu hana matanga, hana hitima!” Haboba alipiga paja lake. “Mimi nataka kumlilia. Wewe umekaa mlangoni ya kilio, umefunga. Wanaume wanaleta magurudumu hapa, wanasema huyu si mke ya mtu, si mjane ya mtu. Ni nini?”

“Ni mke ya Rajabu.”

“Rajabu iko wapi?”

Zainabu akainama kwenye tairi. Haboba akaondoka akiburuta viatu. Nitasema wazi kwamba wakati ule nilimchukia yule bibi. Nilimwona kama mtu anayemharakisha mwenzake kaburini. Sikuwa nimezaa mtoto bado, wala kumlea wa mtu mwingine, kwa hiyo sikujua alichokuwa amebeba.

Mvua za mwaka uliofuata ziliponimalizia tairi la nyuma, nilikwenda kutafuta jingine Vurra, mpakani, ambako wachuuzi wa kutoka Kongo walileta vitu ambavyo kwetu vilikuwa vimesahaulika. Nikapata tairi lililotumika, lenye meno bado, na mchuuzi akaapa kwa mama yake kwamba halina kasoro. Nililifunga mgongoni nikarudi nalo Koboko. Wiki ileile Haboba Kaltuma alikuwa ameshasema neno lake la mwisho: Ijumaa angekuja na wazee wa ukoo, na Zainabu akikataa kukaa, wao wangesoma hitima ya Rajabu bila yeye na kumhesabu si mwenzao tena.

Nilipofika, Zainabu alilaza tairi mapajani, akaingiza mkono ndani na kitambaa kutafuta miiba, kama tulivyofanya siku zote kabla ya kuweka tyubu. Mkono ukasimama. Nilidhani amechomwa. Akautoa, akautazama, akauingiza tena polepole. Kisha akalipanua tairi kwa magoti mawili na kuligeuzia mwangani.

Ndani kulikuwa na mpasuko ulioshonwa. Mchuuzi na mama yake! Nilikuwa nimeanza kumlaani, nikamwona Zainabu anaifuata mishono kwa kidole. Mishono ilipita kila mmoja katikati ya mwenzake. Yote ililalia kushoto.

“Labda ni la zamani,” nikasema. “Alilishona hapa, likauzwa, likazunguka.”

“Uzi,” akasema. “Tazama uzi, Sista. Huu ni nailoni ya wavu ya samaki. Mimi sijampa uzi kama huu hata siku moja.” Akaanza kucheka. “Amekwenda bila nyuzi yangu. Ameshonea huko. Rajabu iko hai! Wallahi, iko hai!”

Mimi nami nililia, nikamkumbatia na lile tairi katikati yetu. Hakuna siku niliyofurahi kama ile, hata nilipozalisha mapacha watatu wakaishi wote. Haikutuingia akilini hata kidogo kuuliza lile tairi limekaa sokoni muda gani.

Tulilifunga tairi lilelile, kwa maji ya bamia, na alfajiri tukaondoka, yeye nyuma yangu na buibui lake amelifunga kiunoni lisiingie kwenye spoku. Niliendesha polepole. Katika kila jiwe nilisikia mikono yake ikinibana mbavu, na njia nzima hadi Arua alinisimulia atakavyomgombeza. Angemwuliza kwanza kuhusu ile chai. Tulipofika Vurra, ofisa wa forodha alituzuia, halafu akanitambua. Mke wake nilimzalisha mimi, kwa shida kubwa. Faida ya ukunga ndiyo hiyo, mlango mmojammoja hufunguka. Mchuuzi tulimkuta, akaanza kuapa tena. Zainabu akamwambia hatutaki pesa, tunataka aliyeshona. Akatuelekeza ng'ambo, kando ya barabara ya Aru, kwa fundi mmoja wa magurudumu aitwaye Papa Mateso.

Papa Mateso alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana, ameketi chini ya paa la mabati akipiga tupa. Zainabu hakumsalimu. Alimwonyesha mshono mmoja aliouchora kwa kidole mchangani, ukilalia kushoto. Yule mtu akautazama, akaweka tupa chini, akafuta mikono.

“Wewe ndiyo mama Zainabu,” akasema.

“Yuko wapi?”

“Keti, mama.”

“Nimekaa sana. Yuko wapi?”

Akatueleza amesimama, kwa vile sisi tulikataa kuketi. Rajabu aliwaponyoka wale watu porini, akavuka kwa miguu akiwa ameumia ubavu. Papa Mateso alimpokea, wakafanya kazi pamoja. “Nilimwambia, ndugu, tuma mutu apeleke habari kwa mke yako. Akasema hapana, habari itafikia masikio mubaya kwanza, watarudi kwa nyumba. Lakini kila mpira ya gurudumu ya kuvuka Vurra alisema, hii niachie mimi. Hakukubali mimi nishone. Mikono yake ilikuwa inauma, na alishona tu. Mimi sikujua juu ya nini.”

Zainabu alikuwa anajua. Nami nilijua. Alikuwa akituma mishono ile mmoja baada ya mwingine kuvuka mpaka, mmoja tu umfikie.

“Ubavu haikupona,” Papa Mateso akasema. “Alikufa mwaka iliyopita, wakati ya mvua ya kwanza. Waislamu ya hapa walimuzika vizuri, mama. Nitawapeleka.”

Alitupeleka. Zainabu aliuliza kama walimlaza kwa upande wa kulia, kama alioshwa na wanaume wanaojua, kama kulikuwa na sanda ya kutosha. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kuhusu gurudumu la mteja, swali kwa swali. Alipoambiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, akaweka kiganja juu ya udongo, kisha akasema, “Twende, Sista.” Chozi halikudondoka. Njiani kurudi hakunishika mbavu tena, alishika kiti, nami nikaogopa kwamba ataanguka bila mimi kujua.

Ijumaa hakusubiri wazee waje. Alikwenda mwenyewe kwa sheikh, akiwa na nguo nyeupe isiyo na pambo, nami nikamsindikiza mpaka barazani. Alimweleza yote. Akasema yuko tayari, leo anaingia eda.

Sheikh alikuwa mtu mpole. Aliuliza tena mume alifariki lini, akahesabu miezi kwa vidole.

“Binti yangu,” akasema, “eda inahesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya habari. Miezi yako imekwisha kupita. Ulikuwa ndani ya eda na hukujua. Huna deni. Nenda na amani.”

“Imekwisha?” Zainabu alimtazama kama hakuelewa lugha. “Walipotaka nikae, nilikataa, nilisema yuko hai. Alikuwa anakufa, mimi iko nasuka kawa ya harusi ya watu. Leo nakuja na miguu yangu mwenyewe nikae, unaniambia imekwisha?”

“Ndiyo sheria, binti yangu. Ni huruma kwako.”

“Huruma,” akasema Zainabu, na akatoka.

Tulirudi nyumbani kwake. Kulikuwa na magurudumu mawili ya watu yameegemezwa ukutani. Aliyapita, akaingia chumbani, akasimama katikati kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi. Mimi Mkristo wa Mvara ningemwambia nini kuhusu siku zilizokwisha kabla hazijaanza?

Haboba Kaltuma akaingia. Habari zilikuwa zimemfikia, na mimi nikajiweka mbele ya Zainabu, kwa maana nilitegemea kelele, na siku ile ningemjibu vibaya mtu mzima. Hakunitazama. Alivua viatu, akakunjua mkeka, akaketi kwa taabu na kunyoosha miguu yake iliyovimba.

“Sheikh amesema ya sheikh,” akasema. “Siku za eda zimekwisha. Kilio yetu bado haijaanza. Kuja, mwanangu. Kuja tumlilie.”

Zainabu akaenda. Akaweka kichwa kwenye paja la yule bibi, na sauti iliyotoka sijaisikia tena. Miaka yangu yote nimekaa na wanawake katika uchungu, nadhani nazijua sauti zote za mwanadamu, lakini ile sikuijua. Haboba alikuwa akimpapasa mgongo na kuita jina la Rajabu kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Nilitoka uani nikavuta mlango. Mtu mmoja alikuwa anakuja na gurudumu begani, ametabasamu, anauliza kama mama fundi yupo. Nikamwambia aliweke chini taratibu na aende zake, hapa kuna msiba.